Wembamba wa Paris na Sinia la Pwani

Bahari inapokupwa katika visiwa vya pwani ya kaskazini ya Cabo Delgado, kisiwa cha Macaloe kikiwa kimojawapo, wanawake wa Kimwani hufunga nguo zao viunoni, wakachukua vikapu na kuteremka mwambani kutafuta pweza na kombe. Baadhi yao nyuso zimepakwa musiro, rojo jeupe lipatikanalo kwa kusugua kijiti juu ya jiwe lenye maji, ambalo hulainisha ngozi na kuikinga na jua. Huinama, huinuka, hutembea juu ya matumbawe mpaka maji yajae. Kwao hiyo ni kazi ya kutafuta kitoweo, na musiro ni pambo walilorithi kwa mama zao.

Natanguliza picha hiyo kwa sababu katika miji yetu umezuka mtindo wa kutafuta wembamba kwa njia ya Wafaransa. Mwishoni mwa mwaka 2004 bibi mmoja wa Kifaransa, Mireille Guiliano, alitoa kitabu kilichodai kwamba wanawake wa kwao hawanenepi. Alisimulia kwamba alipokuwa kijana alikwenda kusoma Marekani, akarejea nyumbani amenenepa, na daktari wa familia yao akamwagiza kwanza aandike kila anachokula. Kitabu hicho kilienea duniani, na tangu hapo wako wanaoamini kwamba siri ya kiuno chembamba imo katika jibini, mvinyo na skafu ya hariri shingoni.

Ndugu msomaji, hapana budi tupambanue punje na pumba. Punje zipo. Mwaka 2003 mtaalamu wa Kimarekani, Paul Rozin, na wenzake walichapisha matokeo ya kupima vyakula katika mikahawa ya namna moja mjini Paris na mjini Philadelphia. Sahani ya Paris ilikuwa na wastani wa gramu 277, na ya Philadelphia gramu 346. Tena walipowatazama walaji katika mikahawa ya McDonald's, waliona kwamba Mfaransa alikaa mezani dakika 22, ilhali Mmarekani alimaliza kwa dakika 14. Mwenye sahani ndogo ndiye aliyekawia kula! Fauka ya hayo, Wafaransa aghalabu hula kwa saa zao, wameketi pamoja, na mwaka 2005 Serikali yao iliziondoa shuleni mashine za kuuzia peremende na soda.

Lakini pumba nazo ni nyingi. Kwanza, si kweli kwamba Wafaransa hawanenepi. Mwaka 1997 watu wazima wenye unene wa kupindukia nchini humo walikuwa asilimia 8.5, kufikia mwaka 2020 walikuwa asilimia 17. Pili, kiu ya wembamba imewadhuru wengi wao, hata mwaka 2017 ikaanza kutumika sheria inayowataka wanamitindo wawe na cheti cha daktari kinachothibitisha kwamba afya yao inaruhusu kazi hiyo. Tatu, bibi aliyeusifu mvinyo alikuwa mkuu wa kampuni iliyouza shampeni ya Veuve Clicquot huko Marekani. Mwuza samaki hawezi kusema samaki wake ananuka, wala mwuza mvinyo hatakwambia unywe maji.

Sasa na tujitazame wenyewe. Uchunguzi wa afya uliofanywa Tanzania mwaka 2012 kwa watu wa umri wa miaka 25 hadi 64 ulionyesha kwamba kiasi cha robo yao walikuwa na uzito uliozidi, na takriban asilimia 9 walikuwa na kisukari. Haya hayakuletwa na wali wa nazi peke yake, maana wazee wetu waliula. Yameletwa na chai yenye vijiko vinne vya sukari, soda kila mchana, chipsi za usiku, kukaa kitini kutwa, na ile fikra kwamba kitambi ni cheo.

Yale mema ya Wafaransa tulikuwa nayo kabla ya kusikia jina la Paris. Sinia la pwani huwakutanisha watu chini, wakanawa mikono, wakamtaja Mungu, wakala kwa utulivu, kila mmoja upande wake. Mwenye pupa huonekana mara moja naye huona haya. Mafundisho ya dini yaliyoenea pwani yanaligawa tumbo mafungu matatu: la chakula, la maji na la pumzi. Samaki wa kuchoma, mboga za majani na muhogo ni vyakula visivyohitaji kupikwa kwa ndoo ya mafuta. Nasi tulitembea kwa miguu. Mwacha asili ni mtumwa, na mtumwa huyu hununua kwa bei ghali kile alichokitupa nyumbani kwake.

Walakini nisingependa msomaji afunge ukurasa huu akidhani kwamba kila mwili mwembamba ni mwili wenye afya. Tarehe 25 Aprili, 2019, kimbunga Kenneth kiliipiga pwani hiyohiyo ya Cabo Delgado kikaharibu nyumba na mashamba. Vita vilivyoanza Oktoba 2017 huko Mocímboa da Praia viliwafukuza watu makwao, na kufikia mwaka 2021 waliokuwa wameyahama makazi yao katika mkoa huo walizidi laki saba. Mvuvi asiye na mashua na mkulima asiye na shamba hukonda bila kufunzwa na kitabu. Wembamba wa namna hiyo hauna mtindo, ni njaa.

Basi anayeweza kuchagua chakula chake amepewa neema, na neema ina adabu zake. Apunguze sukari, apakue kidogo, ale kwa saa, aketi na watu wake, atembee. Na akimwona jirani amekonda, asikimbilie kumsifu kwa umbo lake kabla hajauliza kama jana alikula.