Rangi Haitibu Kutu

Karavani ni nyumba ya magurudumu inayokokotwa na motokaa. Huko Marekani mashuhuri kuliko zote ni Airstream, chombo cha alumini king'aacho kama fedha, ambacho Wally Byam alianza kukiuza katika miaka ya 1930. Kwetu si kigeni kabisa. Mwaka wa 1959 Byam aliongoza msafara wa karavani 41 kutoka Cape Town. Ulipita Kenya na Ethiopia, hata ukawasili Cairo mwaka wa 1960.

Karavani za umri huo sasa zinafufuliwa, na mafundi wengi hukimbilia kopo la rangi. Mimi naona mbio hizo ndizo ziuazo chombo. Mbele ya fundi pana madini mawili: bodi ya alumini na fremu ya chuma. Kila moja ina maradhi yake, na dawa ya hili huwa sumu kwa lile.

Bodi ile ni alumini iliyochanganywa na shaba kidogo ili ipate nguvu, kisha ikavikwa utando wa alumini safi, mwembamba kama unywele. Utando huo ndio ngao. Fundi akiupitisha msasa wa mashine ameuvua, na ukishavuliwa haurudishiki. Ndani kutaanza vidonda na unga mweupe. Kwa hiyo vanishi kuukuu sharti ilainishwe kwa dawa ya kubambulia rangi, ikwanguliwe kwa kipande cha plastiki, kisha bodi ioshwe kwa sabuni isiyo kali. Magadi la! Wapishi wetu wanajua yanavyoiharibu sufuria.

Utajuaje kuwa imetakata? Mwagia maji safi. Yakitanda kama shuka, mafuta yametoka. Yakijikusanya matone kama umande juu ya jani la jimbi, rudi ukaoshe. Pahala patakapopakwa rangi pakwaruzwe kidogo tu, na praima ya alumini ipakwe siku hiyo hiyo, maana alumini ikikutana na hewa hujifunika upya papo hapo.

Chuma cha fremu hakina haya hizo. Hicho kisuguliwe kwa brashi ya waya mpaka magamba yaishe, kutu iliyojificha mashimoni ipakwe asidi ya fosfori, kikaushwe, kipate praima ya zinki. Lakini brashi hiyo isiguse bodi: chembe za chuma zitabaki juu yake na kuota kutu. Rangi za zamani nyingi zina risasi, basi zisisuguliwe zikiwa kavu, na watoto wakae mbali.

Linalosahauliwa mno ni pale madini hayo mawili yanapogusana. Pakiingia unyevu, hasa wa chumvi kama huu wetu wa pwani, hugeuka mfano wa betri, na inayoliwa ni alumini. Tia mpira au utepe mzito katikati kabla ya kugonga ribiti ya kwanza.