Kobe wa pori yetu, fundi wa kufunga mulango

Siku ambayo haiko ya kazi, wengi wetu tunaenda porini: huyu kulima, huyu kutafuta kuni, mama na watoto kuokota bowa. Mvua ikishanyesha, njiani tunamukuta muzee mumoja anatembea polepole, haogopi saa ya kazi. Ni kobe. Wenye kusema Kibemba wanamuita fulwe.

Sisi watu wa mugodi tumuheshimu, juu yeye pia haendi kazini bila kofia ngumu. Tofauti ni moja: sisi tunavua jioni, yeye hapana. Gamba lake limeungana na mbavu na mufupa wa mugongo. Anayesema kobe anaweza kutoka ndani ya nyumba yake, anadanganya watoto. Na gamba linasikia: ukiligusa, anajua.

Kobe wa pori ya Katanga iko na ufundi wake. Nyuma ya gamba, upande wa juu, kuna kiungo kinachopinda sawa bawaba. Akiona hatari, anaingiza kichwa, anaziba mbele kwa miguu, kisha anashusha ile sehemu ya nyuma. Mulango umefungwa! Mutoto wake hazaliwi na bawaba, inakuja akikua. Ndugu zake wengine, wa mitoni na vidimbwini, wako na mulango mbele, upande wa tumbo. Mumoja wao, wenye elimu wanamuita Pelusios upembae, haonekani inchi ingine ila Kongo yetu tu.

Na posho yake? Meno hana, iko na mudomo mukali sawa wa ndege. Anakula bowa, matunda yaliyoanguka, majani, konokono, hata jongoo. Mama akimukuta kwenye bowa asishangae: muzee amefika mbele.

Mvua ikikatika, kazi inasimama. Anaingia ndani ya shimo lililoachwa na munyama mwingine, ao katikati ya mawe, analala mpaka mvua irudi. Konje ya miezi!

Hapo njo matata yanaanza. Kiangazi ni wakati vijana wanachoma pori kwa kutafuta panya. Kobe hana mbio. Gamba linashinda meno ya wanyama, halishindi moto. Sisi tunaoshuka chini tunajua: kofia inazuia jiwe, haizuii moto. Tena kobe hazai sana. Mama anachimba kashimo, anatia mayai machache, anafukia, anaenda zake. Joto la udongo linamaliza kazi. Wakubwa wakiungua, inapita miaka mingi mbele ya kupata wengine.

Njo maana tunaomba: kijana, fikiri mbele ya kuwasha kiberiti. Na mutoto akileta kobe nyumbani, asitoboe gamba kwa kutia kamba. Ni kutoboa mufupa. Amuangalie, acheke, kisha amurudishe pale alipomutoa. Mwaka ujao, mama akienda bowa, atamukuta tena muzee yule yule, amefika mbele.