Istilahi za Ramani za Mvua: "Kiasi" na "Wastani"

Jicho huiona rangi kabla ya kulisoma neno. Mtu aonyeshwapo ramani ya mvua ya Mkoa wa Mara, buluu humwambia maji na kahawia humwambia ukame, hata kabla hajautazama ufunguo. Ufunguo ukiwa na istilahi legelege, jicho litahukumu peke yake.

Kuna ramani za aina mbili ambazo hatuna budi kuzitenganisha. Ya kwanza ni ramani ya kiasi cha mvua. Hii huonyesha milimita. Na milimita moja ya mvua ni sawa na lita moja ya maji juu ya mita moja ya mraba. Ya pili ni ramani ya mwelekeo wa mvua, kama zile zitolewazo na Mamlaka ya Hali ya Hewa Tanzania kabla ya vuli na masika. Hii hailinganishi mahali na mahali, bali hulinganisha msimu ujao na mazoea ya mahali palepale. "Wastani" hapo ni baina ya asilimia 75 na 125 ya wastani wa miaka mingi.

Tuchukue mfano. Bunda ikipakwa rangi ya "juu ya wastani", na milima ya Tarime "chini ya wastani", msomaji atadhani kuwa Bunda itapata mvua nyingi kuliko Tarime. Si lazima iwe hivyo: milima hiyo imezoea mvua nyingi zaidi, na hata ikipungukiwa yaweza kuipita Bunda kwa milimita. Mkulima wa pamba akielezwa vibaya, hasara ni mbegu yake na msimu wake.

Vilevile, mpaka wa rangi ukipita baina ya Musoma na Butiama si ukuta. Huchorwa kwa kukadiria baina ya vituo vya kupimia mvua. Tena Musoma iko ufukoni mwa Ziwa Victoria, ambako buluu ya ziwa na buluu ya mvua huweza kuchanganyika machoni. Ufunguo hauna budi kuzitaja zote mbili.

Kwa hiyo twapendekeza kuwa "mvua nyingi" na "mvua haba" yatumike katika ramani za kiasi tu. Katika ramani za mwelekeo, ufunguo uandike kwa ukamilifu: "juu ya wastani wa mahali" na "chini ya wastani wa mahali". Neno hilo moja lililoongezwa ndilo litakalomzuia msomaji asilinganishe visivyolinganishwa.