Utangulizi: Hesabu ya Jioni

Ukimwona mama pale Buguruni, jijini Dar es Salaam, saa kumi na moja jioni, anapanda daladala inayoelekea mjini ilhali kwake ni Gongo la Mboto, usidhani amepotea. Anageuza nayo. Analipa nauli ya kwenda asikotaka ili gari likigeuka awe tayari ameketi. Mtafiti aliyesimama kituoni na daftari atamwandika kuwa abiria wa mjini, na kesho yake mhandisi atapanga ruti kwa kufuata daftari hilo.

Karibu katika taaluma ya usafiri wa mijini. Vitabu vyake vingi huanza na barabara: upana wake, magari mangapi kwa saa. Mimi wanafunzi wangu huwaanzisha na hesabu, kwa maana ya stendi: fedha ambayo dereva na konda humpelekea tajiri, yaani mwenye gari, kila siku. Mafuta ni juu yao. Kinachobaki ndicho chao, na siku nyingine hakibaki kitu.

Shika hilo, kisha tazama upya yale tunayoyaita ukorofi. Gari linaganda kituo cha mwanzo mpaka lijae, halafu linakimbia kama linafukuzwa. Mwanafunzi, ambaye nauli yake ni ndogo, anazuiwa mlangoni. Abiria wakipungua, ruti inakatishwa na mnashushwa njiani. Sisemi makonda wote ni malaika. Wengine ni wakorofi hata Jumapili. Lakini anayewahubiria adabu bila kuigusa hesabu anapoteza mate yake. Matteo Rizzo, katika kitabu chake Taken for a Ride cha mwaka 2017, ameliweka jambo hili mahali pake: daladala ni suala la ajira kabla ya kuwa suala la barabara.

Haikuwa hivyo siku zote. Mwaka 1974 iliundwa UDA, shirika la umma la Usafiri Dar es Salaam. Uchumi ulipoyumba, mabasi yakakosa vipuri, na mwaka 1983 serikali ikawaruhusu watu binafsi kuingiza magari yao. Nauli ilikuwa shilingi tano, sarafu ambayo watu waliiita dala, na makonda wakainadi kwa sauti hadi ikawa jina la gari lenyewe. Leo sarafu ile hainunui hata pipi.

Mei 2016 yakaja mabasi ya mwendokasi, kutoka Kimara hadi Kivukoni, na matawi ya Morocco na Gerezani. Abiria hukata tiketi kituoni kabla ya kupanda, na dereva ana mshahara, hivyo hana sababu ya kumgombania mtu njiani. Hesabu ya jioni imehama mikono: sasa pengo la mapato ni la mwendeshaji na serikali, na wanafunzi wangu hubishana hapo hadi kipindi kinakwisha. Kisha mvua ikinyesha kweli, Mto Msimbazi hufurika Jangwani, kwenye njia ya mabasi hayo, barabara ikafungwa. Daladala hutafuta vichochoro. Basi lenye njia yake maalumu, lililojengewa vituo katikati ya barabara, litapita wapi?

Kabla ya sura ya kwanza, nenda kapande daladala saa za jioni, ukae jirani na konda umsikilize anavyopiga mahesabu na dereva wake. Ukifika mwisho wa ruti usishuke. Geuza nayo.