Mng'ao na Kinga ya Rangi ya Gari

Rangi ya gari la kisasa ni tabaka tatu zilizopandana juu ya bati: praima inayozuia kutu, rangi yenyewe, na juu kabisa varnishi inayopitisha mwanga. Varnishi hiyo ndiyo inayong'aa, ndiyo inayopigwa na jua, na ndiyo inayokwaruzwa na kila kitambaa kinachopita. Katika magari mengi unene wake ni kati ya maikroni 35 na 50, yaani ni nyembamba kuliko unywele. Land Rover nyingi za miaka ya sabini hazikuwa nayo. Ukizipiga polishi, rangi ilibaki kwenye kitambaa na fundi akaona wazi anachokipunguza. Varnishi haiachi alama kama hiyo, kwa hiyo mtu anaweza kuimaliza bila habari.

Kamakis nchini Kenya, pale barabara ya Eastern Bypass inapopita Ruiru, varnishi ina kazi ngumu. Kando ya barabara kuna yadi za magari, vibanda vya nyama choma na sehemu za kuoshea magari, vyote ubavu kwa ubavu. Mteja huagiza mbuzi, hutoa ufunguo, na gari huoshwa nyama ikiwa bado iko motoni. Eneo lenyewe liko karibu na ikweta, zaidi ya mita 1,500 juu ya usawa wa bahari, na miale ya urujuanimno ni mikali mwaka mzima. Januari na Februari ni vumbi. Masika yakianza ni matope. Isitoshe, mengi ya magari hayo yametoka Japani yakiwa yameshatumika. Kiwango cha KS 1515 kinazuia kuingiza nchini gari lenye umri wa zaidi ya miaka 8, na wanunuzi wengi, kwa sababu ya bei, huchukua yaliyokaribia kikomo hicho. Gari linaloitwa jipya mtaani huwa na varnishi iliyokwisha kukaa juani na kusuguliwa kwa miaka kadhaa. Tena yadi nyingine hulipaka polishi yenye mafuta ya kujaza mikwaruzo, nayo huoshwa ikaisha baada ya majuma machache, mikwaruzo ikarudi palepale.

Jambo la kwanza la kuchagua, basi, ni sabuni. Sabuni ya maji inayouzwa kwa mitungi ya lita 20 mara nyingi huchanganywa mtaani kwa kemikali za Ufacid na Ungerol, pamoja na magadi na chumvi ya viwandani. Vipimo vikiwa sawa, hutoa uchafu vizuri. Magadi yakizidi, huvua nta yote iliyopakwa na kukausha mipira ya milango. Sabuni ya unga ya kufulia nguo ni kali zaidi. Shampuu ya gari yenye pH ya karibu 7 huondoa vumbi na kuacha kinga mahali pake. Chupa yake ni ghali, lakini kifuniko kimoja au viwili hutosha ndoo nzima.

Hata hivyo, sabuni mbaya haiharibu rangi kama kitambaa kichafu. Mikwaruzo ya mviringo inayoonekana kwenye boneti nyeusi jua linapoipiga hutokana na chembe za mchanga zilizonasa kwenye sponji. Mashine ya presha itangulie kuondoa matope kabla mkono haujagusa bodi. Ndoo ziwe mbili, moja ya sabuni na nyingine ya maji ya kusuuzia kitambaa, na kitambaa cha rimu kisipande kamwe kwenye boneti. Kanuni hii ya mwisho ndiyo inayovunjwa zaidi Jumapili alasiri, foleni ikiwa ndefu na mwenye gari yuko mezani. Kazi ifanyiwe kivulini, kwa kuwa bati la moto hukausha sabuni kabla ya kusuuzwa. Ikiwa maji ni ya kisima, gari likaushwe mara moja kwa maikrofaiba. Chumvi za kalsiamu na magnesiamu zilizomo huacha madoa meupe. Madoa mapya hutoka kwa siki iliyozimuliwa kwa maji, ya zamani huhitaji polishi.

Gari lililooshwa vizuri bado linaweza kuwa na lami, utomvu na vumbi la breki lililong'ang'ania. Kipimo ni rahisi: vidole huingizwa ndani ya mfuko mwembamba na kupitishwa taratibu juu ya boneti, na kila chembe huhisika. Mifuko ya plastiki ya kubebea bidhaa ilipigwa marufuku Kenya Agosti 2017, lakini karatasi ya mkate hufanya kazi hiyohiyo. Chembe hizo hutolewa kwa udongo maalumu unaofinyangwa na kuteleza juu ya maji ya sabuni, si kwa kukwangua kwa kucha.

Hapo ndipo swali la polishi linapokuja, na ndipo pesa nyingi hupotea. Polishi yenye chembe za kusugua, ambayo mafundi huiita kampaundi, hurudisha mng'ao kwa kula varnishi kidogo hadi uso uwe laini. Haikingi chochote. Gari likipigwa kampaundi kila mwezi, siku moja paa litaanza kubambuka magamba meupe, na hakuna chupa itakayolitibu; litarudi kwenye chumba cha kupuliza rangi. Mwanzo mwema ni polishi laini kuliko zote, ijaribiwe mahali padogo. Kingo za milango na boneti zishughulikiwe kwa mkono, maana hapo varnishi ni nyembamba zaidi.

Nta hufanya kinyume: huongeza tabaka. Nta ya karnauba, inayotokana na majani ya mti fulani wa Brazili wa jamii ya mnazi, hutoa mng'ao mzito unaopendeza sana kwenye rangi nyeusi na nyekundu. Huyeyuka kwenye joto la nyuzi 82 hadi 86, lakini kwa jua na sabuni kali huisha baada ya majuma au miezi michache. Kinga za polima hukaa miezi kadhaa zaidi, ingawa mng'ao wake ni wa kioo kuliko wa mafuta. Kwa gari la kazi linalolala nje, polima ndiyo yenye faida. Maji yakimwagwa kwenye boneti safi na kutandaa badala ya kujikusanya kuwa matone, ni wakati wa kupaka tena.

Seramiki ni kioevu chenye silika kinachogandamana na varnishi na kudumu miaka miwili au zaidi kikipakwa vizuri. Wauzaji hutaja ugumu wa 9H kana kwamba ni wa almasi; kipimo hicho ni cha penseli. Haizuii mawe yanayorushwa na malori, na huziba ndani yake kila mkwaruzo ulioachwa bila kutibiwa. Sehemu kubwa ya gharama halali ni saa za matayarisho, kwa hiyo anayeahidi kuipaka wakati wa chakula cha mchana anauza kitu kingine.

Sehemu zisizo za rangi zina dawa zake. Asidi ya rimu hutia ukungu aluminiamu. Silikoni ya tairi ipakwe ubavuni tu, isifike kwenye kashata wala diski ya breki. Polishi ya dashibodi inayometameta hurusha mwanga kwenye kioo cha mbele, na ikifika kwenye pedali huzifanya ziteleze. Ya kufaa ni isiyong'aa. Dizeli inayopuliziwa chini ya gari ili paonekane peusi huvimbisha raba za sospensheni, na vumbi la bypass huigandia siku hiyohiyo.