Zulia la kuchongwa: pamba na dhahabu zetu, jasho la wengine

Shinyanga inalima pamba, Geita inachimba dhahabu, na fedha za vyote viwili hununua zulia lililofumwa ng'ambo. Mengi ya mazulia ya manyoya yanayouzwa nchini hutoka China na Uturuki, ambako mji wa Gaziantep ndio kitovu cha mazulia ya mashine.

Soko hufuata mfuko wa mteja. Fedha ya pamba huja kwa msimu, kuanzia Mei; ya dhahabu haina msimu. Tangu soko la madini la Geita lifunguliwe Machi 2019, mchimbaji mdogo ana mahali rasmi pa kuuzia mzigo wake.

Dukani, kinachovutia macho ni maua na mawimbi yaliyoinuka juu ya zulia. Ila mengi ya bei nafuu hayajachongwa na mtu. Kiwandani, nyuzi za polipropilini hufumwa pamoja na polyesta maalumu. Zulia likipitishwa kwenye joto, polyesta husinyaa, polipropilini hubaki imesimama, na umbo hujitokeza lenyewe.

La mkono lina safari ndefu. Kitambaa hukazwa kwenye fremu ya mbao, mchoro huchorwa upande wa nyuma ukiwa umegeuzwa, kisha fundi hupenyeza nyuzi kwa bunduki ya umeme. Hufuata gundi ya mpira na kitambaa cha mgongoni. Mwisho ni kunyoa uso na kuchonga kingo za kila umbo kwa mkasi na mashine ya kunyolea. Zulia moja la sebuleni huweza kula siku kadhaa. Ukipitisha kidole kwenye mfereji wake, utagusa ukingo uliokatwa mshazari.

Je, kazi hiyo yaweza kufanyika hapa kwetu, tuseme Kahama mkoani Shinyanga? Malighafi pekee haitoshi kusema ndiyo. Kilo 3 za pamba mbegu hutoa takribani kilo 1 ya pamba nyuzi, lakini pamba ikikanyagwa hulala. Inafaa zaidi kwa kitambaa cha fremu kuliko kwa manyoya. Katani, ambayo wakulima wa Usukumani wamezoea kuipanda kama ua wa shamba, ni ngumu. Inafaa zulia bapa. Manyoya yenyewe yatahitaji sufu au akriliki, nayo italazimika kuagizwa.

Hapo hesabu ya kodi inasaidia. Ushuru wa pamoja wa Afrika Mashariki kwa kawaida hutoza malighafi asilimia 0, bidhaa za kati 10, na zilizokamilika 25 au 35. Anayeagiza nyuzi ana nafuu kuliko anayeagiza zulia zima.

Hata hivyo, kushindana na Gaziantep kwa bei ni kujichosha. Mlango uliopo ni oda maalumu: hoteli inayotaka nembo yake mapokezini, au sebule isiyokubali vipimo vya futi 5 kwa 8. Mteja wa aina hiyo hulipia ubunifu na mkono wa fundi, si uzito wa nyuzi.

Nafasi ya kufanyia kazi ipo: mgodi wa dhahabu wa Buzwagi, Kahama, ulioanza 2009, ulimaliza uzalishaji 2021, na eneo lake sasa linageuzwa kuwa la viwanda. Karakana ya mazulia haihitaji hata eneo kubwa hivyo: fremu, bunduki, umeme wa uhakika na mchoraji mzuri vinatosha kuanzia. Atakayethubutu aanze na oda iliyolipiwa nusu, ndipo anunue nyuzi.