Mbona Siusikii Udi Wangu Mwenyewe?

Msomaji wetu wa Tanga ameleta swali ambalo nimelisikia pia Unguja na Mombasa, na kila mara linakuja kwa sauti ya malalamiko. Kila jioni, anasema, hufukiza udi sebuleni na vyumbani, tena udi wa bei, lakini pua yake haipati kitu. Ameongeza vipande chetezoni, ameongeza makaa, bado. Juzi wifi yake alipofika mlangoni alianza kukohoa kabla hajavua viatu, akauliza leo kuna harusi ya nani. Sasa anataka kujua: wauza udi wanamwibia, au pua yake imekufa?

Pua yake ni nzima. Inafanya kazi iliyoumbiwa, na namna inavyoifanya ni mojawapo ya mambo ninayoyapenda kuliko yote katika baiolojia ya binadamu, kwa hiyo atanisamehe nikichelewa kidogo kufika kwenye ushauri wa nyumbani aliouomba.

Mchoro wa pua wa kitabu cha sekondari tuuruke. Twende moja kwa moja juu kabisa ya tundu la pua, karibu na usawa wa macho, kwenye kipande kidogo cha utando chenye ute. Hapo zimepangika seli za neva mamilioni kadhaa, kila moja imechomoza vinyweleo vyembamba vinavyoelea ndani ya ute. Juu ya vinyweleo hivyo kuna protini zinazopokea harufu, yaani vipokezi. Mwaka 1991 Linda Buck na Richard Axel, wakiwa Chuo Kikuu cha Columbia, New York, walitangaza kwamba wamezipata jeni zinazotengeneza vipokezi hivyo, na mwaka 2004 wakapewa Tuzo ya Nobel. Binadamu ana aina zipatazo 400 za vipokezi, na kila seli hubeba aina moja tu. Moshi wa udi una kemikali nyingi zilizochanganyika. Kila kemikali huamsha seli zake, na ubongo husoma orodha ya walioamka ndipo ukasema: huu ni udi, ile ni karafuu.

Lakini kinachonifurahisha kiko ndani ya seli moja. Ichukulie seli hiyo kuwa nyumba ya pwani, yenye baraza mbele, mlango mkubwa, ukumbi, ua na milango ya pembeni. Molekuli ya udi inafika na kubisha hodi. Haiingii. Hili wengi hawalijui: harufu haiingii ndani ya seli, inaishia barazani, na kipokezi ndicho mlango unaobishwa. Nyuma ya mlango amekaa mtoto anasubiri. Huyo ni protini iitwayo protini G. Akisikia hodi hakawii, anakimbilia uani kwa mama wa nyumba, ambaye ni kimeng'enya chenye kazi ya kutoa wajumbe. Mama hatoi mjumbe mmoja, anatoa wengi kwa mkupuo. Kila mjumbe ni molekuli ndogo iitwayo AMP ya duara, nao wanatawanyika mpaka kwenye milango ya pembeni na kuifungua. Ndiyo maana mgeni mmoja aliyebisha kwa ncha ya kidole anaweza kuiamsha nyumba nzima.

Milango ya pembeni ikifunguka, umati uliokuwa nje unaingia: ioni za sodiamu, na pamoja nazo ioni za kalsiamu. Mtazameni huyu kalsiamu, maana hadithi yote ni yake. Kwanza anakwenda kufungua milango mingine, ya kloridi, na kloridi zinatoka nje kwa wingi. Kwa kuwa zina chaji hasi, kutoka kwake kunazidisha chaji chanya inayobaki ndani, na kelele za nyumba zinapanda mpaka zinasikika mtaa wa pili, yaani ubongoni. Hapo ndipo mwenye pua anaposema, ah, udi.

Kisha kalsiamu anafanya jambo la pili. Anamshika mkono mwenyeji mmoja aliyekuwa amekaa kimya, protini iitwayo kalmodulini, na wawili hao wanarudi kwenye mlango uleule ambao kalsiamu aliingilia, wanauegemea. Wajumbe wa AMP bado wanakuja kuusukuma, ila mlango sasa mzito. Wakati huohuo kalsiamu anapeleka neno uani, mama apunguze kutoa wajumbe. Barazani wageni hawajapungua hata mmoja. Wanabisha hodi, hodi, hodi, na ndani mlango umeegemewa. Aliyeitangaza habari ndiye huyohuyo anayeinyamazisha, na hakuna haja ya mlinzi wa pili wala saa ya kuhesabu muda. Kadiri habari inavyokuwa kubwa, ndivyo kalsiamu anavyoingia kwa wingi, na ndivyo mlango unavyoegemewa kwa nguvu. Kwa hiyo msomaji wetu alipoongeza vipande vya udi aliongeza pia mikono ya kuuegemea mlango wake.

Kazi hii huanza ndani ya sekunde chache. Dakika chache baadaye harufu iliyojaa chumba imefifia kwa aliyemo, na mgeni anayeingia anaipata yote. Harufu ikikoma, seli humtoa kalsiamu nje, mlango unarudi kuwa mwepesi, nyumba inakuwa tayari kwa hodi nyingine.

Jambo hili tuliiteje? Nimeona likiitwa "uchovu wa pua", na jina hilo linanikera, kwa sababu seli haijachoka hata kidogo: iko macho na imejizuia kwa makusudi. "Uzoefu" tayari umechukuliwa na waombaji kazi. "Mazoea" yana harufu ya watu wawili waliokaa pamoja kupita kiasi. Mimi naliita mzoeo, mzoeo wa pua, na katika makala hii nitaendelea kuliita hivyo.

Mzoeo una faida kubwa jikoni. Pua ambayo ingepiga kelele ya udi jioni nzima isingekuwa na nafasi ya kukuambia kwamba wali unaungua. Kwa kuwa kila seli ina kipokezi cha aina moja, zile zilizouzoea udi zimenyamaza peke yake, na zile zinazongoja harufu ya kuungua bado zina milango myepesi. Pua ya binadamu ni chombo cha kutambua mabadiliko. Harufu isiyobadilika inahesabiwa kuwa habari ya jana. Ubongo nao una mchango wake katika kuzoea, pengine mkubwa, lakini mlango wa kalsiamu ndio wa kwanza.

Tuje nyumbani sasa. Jambo la kwanza ni kwamba pua ya mwenye nyumba si mizani ya kupimia nyumba yake. Pamela Dalton na Charles Wysocki, wa kituo cha Monell huko Philadelphia, walichapisha mwaka 1996 utafiti wa watu waliokaa na harufu moja nyumbani kwao kwa wiki mbili. Uwezo wao wa kuisikia harufu ile ulishuka, na haukurudi siku harufu ilipoondolewa. Ulichukua hadi wiki mbili nyingine. Kwa hiyo huu mzoeo una matabaka mawili: ule wa dakika, unaokwisha ukitoka ukapunga hewa, na ule wa wiki, ambao kutembea hadi dukani hakuutibu. Msomaji anayefukiza udi uleule kila jioni mwaka mzima yuko kwenye tabaka la pili. Pua itakayomwambia ukweli ni ya wifi, na wifi ameshasema.

Katika maduka ya manukato mara nyingine huwekwa kikombe cha buni, unuse kahawa ili pua ianze upya. Utafiti uliochapishwa Marekani mwaka 2011 haukuona buni ikishinda hewa tupu. Sogea mlangoni, vuta pumzi ya nje, basi.

Jambo la pili ni kubadilisha. Nyumba za pwani za zamani zilikuwa na ratiba ya harufu bila kuiita ratiba: udi jioni au kwa ajili ya wageni, ubani kwenye shughuli, asumini zikitandazwa kitandani usiku, mkadi na rehani kwenye kikuba, marashi ya mawaridi yakinyunyizwa kwa mrashi mgeni anapokaribishwa. Kila moja inapita, inaiachia nafasi nyingine. Mimi naamini mabibi waliupata mpangilio huu kwa kufuata pua zao, na ni bora kuliko kile kichupa cha kuchomeka ukutani kinachotoa harufu moja usiku na mchana, ambacho mwenyewe ataacha kukisikia kabla wiki haijaisha. Na asumini, niongeze hapa kwa kuwa siwezi kuipita, ina ndani yake indoli, kemikali ambayo ikiwa nyingi hunuka kama choo. Ikiwa kidogo, katikati ya nyenzake, ndiyo inayoipa asumini ule uzito wa usiku. Kipimo tu kinatenganisha ua na choo.

Jambo la tatu linahusu uvundo, kwa sababu pua huuzoea uvundo kama inavyouzoea udi, na udi juu ya uvundo hauondoi kitu. Chukua samaki wa baharini. Nyama yake ina kemikali isiyo na harufu ambayo bakteria, samaki akishakufa, huigeuza kuwa trimethilamini, na hiyo ndiyo shombo. Trimethilamini huruka hewani kwa urahisi, lakini ikikutana na asidi hunyakua protoni na kuwa chumvi, na chumvi hairuki. Isiporuka haifiki puani. Ndimu unayojisugulia mikononi na kwenye ubao wa kukatia samaki inafanya kazi ya kikemia kabisa, na siki inaweza kufanya hivyohivyo kwenye sinki. Kwa mapazia na mito, ambako moshi wa kukaangia umejishika kwenye nyuzi, dawa ni kufua. Kwa godoro na kabati lililoota ukungu wakati wa masika, dawa ni jua na upepo. Anza na hayo, nyumba isinuke chochote, ndipo ufukize. Kipande kimoja cha udi katika chumba kilichopigwa na hewa kinatosha. Fukiza nusu saa kabla ya wageni, toa chetezo nje, fungua dirisha, nawe ukae barazani mpaka wafike. Ukiingia nao utausikia kama wanavyousikia wao. Moshi ni moshi, mwenye pumu asikae humo, na chetezo chenye makaa kisilale chumbani na watu.

Kuna harufu moja ambayo mzoeo wake si wa kuchezea, na nyumba zetu nyingi sasa zinayo jikoni. Gesi ya mtungi kwa asili yake haina harufu ya kutambulika. Ule uvundo wa kitunguu kilichooza unatiwa kwa makusudi, kwa kutumia kemikali za jamii ya merkaptani, ili ikivuja ujue. Somo hilo lilipatikana kwa gharama kubwa. Tarehe 18 Machi 1937, katika shule ya New London, Texas, gesi isiyo na harufu ilivuja chini ya jengo bila mtu kuisikia, ikalipuka na kuua watu karibu 300, wengi wao watoto. Baada ya hapo Texas ikapitisha sheria ya kuitia gesi harufu, na utaratibu huo ukaenea.

Lakini merkaptani nayo inabisha hodi kwenye nyumba zenye kalsiamu huyohuyo. Anayekaa jikoni huku gesi inavuja polepole ataisikia mwanzoni, kisha itafifia puani, naye atadhani imekwisha. Haijakwisha. Kwa hiyo, msomaji wangu wa Tanga, ongeza au punguza udi upendavyo, ila hili nakuomba ulishike: ukiisikia gesi hata mara moja, usingoje kuisikia tena. Funga mtungi, fungua milango mpaka chini kwa sababu gesi hii ni nzito kuliko hewa na hutanda sakafuni, usiwashe wala kuzima taa, usiwashe kiberiti wala chetezo, toa watu nje, na umwite aliye nje aje anuse kutokea mlangoni. Pua yake haijazoea.